TAA ILIKUWA YA KIJANI LAKINI ALIITWA MWIZI: Kisa cha kijana wa Tarime na ruta mbili za mama

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 ilikuwa Siku ya Mama, na watu walikuwa wamejipanga kuposti. Waliowahi asubuhi waliwahi. Baada ya hapo Instagram ikagoma, WhatsApp ikabaki na kale kasaa kadogo pembeni ya ujumbe, na picha za akina mama zikabaki kwenye simu za wenyewe.

Mjini Tarime yupo mama mmoja, mfanyabiashara wa kueleweka. Ana nyumba ya wageni yenye steshenari kwa mbele, na ana nyingine Mugumu, kule Serengeti, inayolaza madereva wa magari ya utalii na watu wa miradi. Zote mbili kazivutia intaneti ya faiba ya kampuni moja, na zote mbili zinaangaliwa na kijana mmoja wa miaka 24 aliyeishia kidato cha nne. Ufundi hakusomea popote. Kajifunza kwa kuangalia video usiku, na kwa kuwabebea ngazi mafundi wa kampuni siku walipokuja kuvuta waya. Mshahara wake unalisha watu watano, akiwemo mama yake mzazi aliyeko Nyamwaga.

Ijumaa ya wiki hiyo bosi wake alimpa shilingi 110,000 taslimu akalipie mwezi wa nyumba zote mbili. Akaenda kwa wakala wa benki, akalipa, akapewa kikaratasi, akakitia mfuko wa shati. Jumamosi shati likafuliwa. Mnazijua zile karatasi za wakala zikikutana na maji.

Basi Jumapili mama katoka kanisani, anakuta wateja watatu wamesimama mlangoni kwa steshenari wamekunja sura. Hajakaa vizuri, simu inaita kutoka Mugumu: kuna mgeni ana ripoti ya kutuma, intaneti hakuna. Nyumba mbili, wilaya mbili, saa moja. Mama akapiga hesabu yake.

"Mura, ile hela uliipeleka?"

"Nimelipa, mama."

"Risiti iko wapi?"

Hapo kijana akaanza habari za shati. Ukisikiliza kwa masikio ya mtu aliyetoa hela yake, habari za shati ni habari za mwizi. Mama hakupiga kelele. Alisema tu kwamba hela ikionekana kabla ya Jumatano yataisha, isipoonekana wataongelea polisi.

Kijana akaenda kwenye ruta. Na hapa pana jambo ambalo kila mwenye faiba nyumbani angepaswa kulijua, maana wengi wakikatikiwa wanaanza kuzima na kuwasha kama wanapiga pampu ya kisima. Waya wa faiba haupitishi umeme, unapitisha mwanga. Ndani yake kuna uzi wa kioo, na kule kituoni kwa kampuni kuna mtambo unaotuma mwanga usioonekana kwa macho mpaka kwenye kisanduku chako. Kisanduku kina taa za kukupa habari. Taa ya PON ikiwaka kijani bila kupepesa, maana yake mwanga umefika na mtambo wa kampuni umekitambua kisanduku chako. Taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki, au unafika umechoka: waya umekatika, umekunjwa sana, au kichwa chake kina uchafu. Ukiona LOS nyekundu tafuta kosa kwenye waya. Ukiona PON kijani imetulia, waya uache kama ulivyo.

Tarime siku ile PON ilikuwa kijani imetulia. LOS imezimwa kabisa.

Akafungua ukurasa wa ndani wa ruta. Anwani ya mtandao ipo, kampuni imempa. Akapiga ping kwenye geti la kampuni, likajibu haraka. Akafungua tovuti moja ya hapahapa nchini, ikaja. Akapiga ping kwenye anwani ya ng'ambo, kimya. Akarudia, kimya. Kwa fundi yeyote hapo jibu limeshapatikana: nyumbani kuzima, kampuni nzima, kosa liko mbele huko, mwanga unakotoka nchini. Na kubwa zaidi kwake, ule ulikuwa ushahidi. Akarudi kwa mama.

"Mama, kama nisingelipa, wasingenipa anwani. Ona, anwani ipo."

Mama akaangalia tarakimu kwenye kioo cha simu. "Mimi sikuuliza anwani," akasema. "Nimeuliza risiti."

Ukweli wa siku ile ulikuwa mbali mno na Tarime. Wakati huo Tanzania ilitegemea sana nyaya mbili za chini ya bahari zinazotia nanga Dar es Salaam: Seacom, iliyoanza kazi mwaka 2009, na EASSy, iliyofuata 2010. Zote mbili zinakwenda kusini hadi Afrika Kusini, na siku ile zote mbili zilipata hitilafu huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kungekuwa na njia ya kaskazini, watu wasingeumia hivyo. Lakini Februari mwaka huohuo nyaya kadhaa zilikuwa zimekatika Bahari Nyekundu, Seacom ikiwemo, baada ya meli Rubymar kushambuliwa na Wahouthi na kuelea huku ikiburura nanga. Kwa hiyo mlango wa juu ulikuwa umeharibika tayari, wa chini nao ukafungwa.

Sirari vijana waliokuwa na laini za Kenya walijaribu bahati yao, wakakuta na Kenya imeguswa. Intaneti ilikuwa inakokota.

Aliyekuwa waziri wa habari wakati huo, Nape Nnauye, alitoa taarifa siku hiyohiyo kwamba tatizo ni nyaya za baharini. Mama akaipata redioni. Jioni akamwita kijana, akamwambia, "Kumbe ni baharini." Yule kijana akapumua. Kwa usiku ule mmoja.

Jumatatu mtandao ukaanza kurudi kwa kusuasua, kampuni zikipitisha mawasiliano kwenye njia nyingine zilizobaki. Steshenari ikafungua fomu ya kwanza saa nne asubuhi, taratibu lakini ikafunguka. Mugumu hakuna. Jumatatu mchana hakuna. Jumatatu jioni majirani wa Mugumu wanachati, nyumba ya mama hakuna. Na hapo hesabu ya mama ikarudi, safari hii na meno.

"Bahari imepona. Tarime imerudi, Mugumu haijarudi. Ulilipia moja, ya pili ukala."

Mkweli aseme, hesabu hiyo haina kasoro. Nusu ya 110,000 ni 55,000, nyumba moja inafanya kazi, moja haifanyi. Hata hakimu angetikisa kichwa.

Kijana alimpigia dada wa mapokezi wa Mugumu, msichana mpole ambaye kwa kawaida hucheka kabla ya kusema.

"Dada, taa ya LOS ikoje?"

"Nyekundu, kaka. Inapepesa."

"Tangu lini?"

Kimya. Kisha: "Sijui. Mimi sijagusa kitu."

Alikuwa hajaulizwa kama kagusa.

Jumanne asubuhi kijana akapanda Noah. Kutoka Tarime hadi Mugumu ni kama kilomita 87, unapita Nyamwaga, unapita Nyamongo kwenye mgodi, unavuka Mto Mara, na mwezi Mei mvua bado zipo, kwa hiyo hizo kilomita zinahesabika zaidi ya 87. Alikuwa na begi lenye vitu vinne: kipimo cha mwanga cha kuazima, kalamu ya mwanga mwekundu, chupa ndogo ya spiriti na vitambaa visivyoacha nyuzi. Nyumbani kwao Nyamwaga alipita bila kushuka. Mama yake mzazi hakujua kama kuna neno polisi limetajwa.

Mapokezi ya Mugumu kisanduku kilikuwa kimegeuzwa, mgongo umetazama ukutani. Waya wa njano umekunjwa kona kali kama kamba ya kiatu, na faiba haitaki kona kali. Ukiikunja hivyo mwanga unavujia njiani. Akaunyoosha. LOS bado nyekundu. Akachomoa kichwa cha kijani, akakitazama kwa ubavu tu, maana mwanga wa faiba hauonekani lakini unaweza kuharibu jicho, na mtu asikubali kuchungulia ndani hata kwa kudhaniwa mshamba. Kichwa kilikuwa na ukungu wa mafuta. Mtu alikichomoa na kukifuta, pengine kwa nguo, pengine kwa kidole, kwa nia njema kabisa.

Kipimo kikasoma hasi 31. Visanduku vya aina hiyo vinataka mwanga usiwe dhaifu kuliko kama hasi 27. Chini ya hapo kisanduku ni kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto na upepo unavuma. Akafuta kwa spiriti mara moja, akapima, hasi 25. Akafuta tena, akasubiri ikauke. Hasi 21. Akachomeka. LOS ikazimika, PON ikapepesa, ikapepesa, ikatulia kijani.

Na intaneti hakuna.

Hapo ndipo mafundi wengi wa mitaani huanza kutukana kampuni. Yeye alitazama orodha ya Wi-Fi kwenye simu. Jina la nyumba ya wageni alilokuwa ameliandika mwenyewe halikuwepo. Lilikuwepo jina la kiwandani, herufi na tarakimu za ajabuajabu. Ruta ilikuwa imefutwa kumbukumbu yote: jina la mtumiaji, neno la siri, namba ya VLAN, kila alichokipanga. Hilo halifanywi na bahari. Linafanywa na mtu mwenye kitu chembamba, kwenye kitundu kidogo cha nyuma, akikibonyeza kwa sekunde kumi au zaidi.

Dada wa mapokezi alikuwa amesimama palepale, ameshika pini ya mtandio bila kujijua.

"Niliambiwa," akasema. "Jumapili. Nilipigiwa simu nikaambiwa nibonyeze ile ya nyuma, nichomoe na waya, niufute. Nikaambiwa Tarime hujalipa lakini nijaribu." Machozi yakawa karibu. "Nikisema nimebonyeza mimi, atanifukuza. Nikisema ameniambia yeye, atanifukuza vilevile."

Aliyempigia hana haja ya kutajwa. Kijana hakuuliza zaidi. Jumapili ile kosa lilikuwa moja, maelfu ya kilomita kutoka hapo. Jumatatu yalikuwa matatu, na mawili yalizaliwa kwenye meza ya mapokezi.

Sasa alihitaji jina la mtumiaji na neno la siri. Akapiga kampuni, siku hizo nchi nzima ilikuwa inapiga kampuni. Akasubiri na wimbo wa sikioni mpaka salio likakata. Vyote viwili vilikuwa vimeandikwa mahali pamoja tu: kwenye daftari lake la kaunta, kwenye droo ya steshenari, Tarime. Ilibidi ampigie mama.

"Mama, shikamoo. Naomba unifungulie daftari langu, lile jekundu. Ukurasa ulioandikwa Mugumu."

Zikasikika kurasa. Mama anasoma polepole, miwani hana karibu. Akamsomea jina la mtumiaji herufi kwa herufi. Akasoma neno la siri. Akasoma namba ya VLAN. Halafu akanyamaza, na simu haikukatika.

Chini ya hayo kulikuwa na mistari ya malipo, mwezi kwa mwezi, kwa kalamu ya bluu. Mstari wa mwisho: Ijumaa 10/5, Mugumu 55,000, Tarime 55,000, jina la wakala, namba ya muamala. Kijana alikuwa na kawaida ya kunakili namba kabla hajaweka karatasi mfukoni. Katika kuchanganyikiwa kwa Jumapili, na neno polisi likiwa masikioni, daftari halikumjia kabisa kichwani. Mtu akishaitwa mwizi, akili yake inakwenda kwenye karatasi iliyopotea, haiendi kwenye droo.

"Umepata ulichotaka?" mama akauliza.

"Nimepata, mama."

"Haya."

Dakika nne baadaye simu ya yule mgeni wa ripoti ilianza kulia ujumbe mfululizo, na dereva mmoja kule uani akapiga mluzi. Mama alipiga tena jioni. Alitaka kujua ilikuwa nini.

"Kichwa cha waya kilikuwa na uchafu, mama. Na mipangilio ilifutika."

"Ilifutikaje?"

Dada wa mapokezi alikuwa hatua mbili kutoka kwenye simu.

"Zinafutikaga," akasema kijana.

Mama hakuendelea na hilo swali, na alikuwa na sababu zake. Akasema usiku umeingia na barabara ni mbaya, apewe chumba namba nne, na chakula kiandikwe kwenye hesabu ya nyumba. Habari ya polisi haikutajwa tena, wala samahani haikutajwa. Mwisho wa mwezi mshahara ulitoka uleule, ila tarehe ishirini na nane badala ya tarehe tano, na watu waliozoea bahasha za yule mama walishangaa.

Nyaya za baharini zilishughulikiwa na meli ya matengenezo Léon Thévenin yenye makao yake Cape Town. Kijana yuko kazini bado. Siku hizi kila risiti anaipiga picha mbele ya bosi, na nyuma ya kila ruta kile kitundu kimezibwa na plasta. Mambo yake na dada wa Mugumu, hayo watu wa stendi wanayo maneno yao, lakini salio la kupiga simu huko limekuwa likiisha mapema kuliko kazi inavyodai.