Tunajenga Timu

Kati ya ligi inayokwisha na ligi inayoanza upo msimu mwingine ambao haumo katika ratiba ya shirikisho lolote, nao ni msimu wa maneno. Viwanja huwa kimya na wachezaji huwa wamekwenda makwao, lakini vijiweni, maofisini, ndani ya mabasi na hata kwenye majamvi ya misiba, kandanda huendelea kuchezwa kwa ndimi. Utamaduni wetu umeandikiwa mengi juu ya ngoma, jando, mavazi na ushairi. Tunaona yafaa msimu huu nao utengewe kurasa chache, maana humo mna lugha, mna utani, na mna namna ya kutumaini ambayo ni ya kwetu.

Sisi ni watu wa Simba. Tunalitaja jambo hili mapema ili msomaji ajue tumeketi upande upi, na ndugu zetu wa Yanga watuwie radhi; wao nao wamepata kuketi mahali hapa tutakapopaeleza. Natuutazame mwaka 2024. Timu iliyotwaa ubingwa mara nne mfululizo, tangu msimu wa 2017/18 hadi ule wa 2020/21, ilikuwa imeushuhudia ubingwa huo ukienda Jangwani mara tatu mfululizo. Tarehe 5 Novemba 2023 watani wetu walitufunga mabao matano kwa moja. Ligi ilipokwisha tulikuwa wa tatu, nyuma ya Azam tuliyolingana nayo kwa pointi, na kwa hiyo tukaikosa Ligi ya Mabingwa Afrika. Kisha Julai ilipoingia, Clatous Chama, yule fundi kutoka Zambia ambaye jina lake liliimbwa na watoto wetu, akavuka kwenda Yanga.

Likasemwa neno: tunajenga timu.

Neno hili lastahili kutazamwa na kila aipendaye lugha. Kitenzi chake kiko katika wakati uliopo, nacho hakisemi ujenzi utakwisha lini. Yeyote aliyejenga nyumba kwa mshahara wa serikali anaifahamu hali hiyo: msingi mwaka huu, matofali mwaka ujao, mabati Mungu akipenda, na muda wote huo jirani apitaye huuliza, "Bado mnajenga tu?" Watani wetu waliuliza vivyo hivyo. Nasi tukaligeuza neno hilo kuwa ngao. Tukifungwa, tunajenga, tukishinda, si mnaona tunavyojenga!

Walakini ujenzi wenyewe haukuwa wa mdomoni. Aliletwa kocha Fadlu Davids kutoka Afrika Kusini. Mshambuliaji wa siku nyingi, John Bocco, aliagwa. Walikuja vijana ambao majina yao yalitupa taabu kuyatamka mwanzoni: Steven Mukwala wa Uganda, Joshua Mutale wa Zambia, mlinda mlango Moussa Camara wa Guinea, na Jean Charles Ahoua wa Ivory Coast. Kambi ikapigwa Ismailia, Misri.

Habari ya Ahoua yatulazimu kurudi nyuma. Alitoka Stella ya Adjamé, mjini Abidjan, na kijana wa miaka ishirini hawezi kujua kwa nini watu wa makamo walitazamana walipoisikia klabu hiyo ikitajwa. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, daraja ambalo klabu ya Tanzania haikuwa imelifikia kabla ya hapo. Huko Abidjan tulitoka sare bila mabao. Ikabaki kazi ya nyumbani, na Dar es Salaam yote ya rangi nyekundu ikaupokea ushindi kabla haujaja. Tarehe 27 Novemba, katika Uwanja wa Taifa, Stella wakafunga mabao mawili na sisi hatukupata kitu. Watu walitoka uwanjani kama watokao makaburini: hapana aliyemwuliza mwenzake neno.

Tangu siku hiyo kizazi chetu kina sarufi yake. Hatusemi "tutachukua ubingwa." Twasema "wakikaa sawa," "wakizoeana," "Mwenyezi Mungu akijaalia." Mchezaji akitupendeza mno, twasema "si haba," yaani twamsifu kwa kukanusha uchache wake tu, tusije tukaamsha kijicho. Asiyetujua aweza kudhani hayo ni maneno ya watu baridi. La, hasha. Mtu baridi hakeshi akisubiri kujua kama mlinda mlango mpya amekwisha kutia sahihi.

Sarufi hiyo imefundishwa pia na utani. Simba na Yanga wamefuata nyayo za watani wa makabila, kama Wazaramo na Wanyamwezi, na katika utani neno lako ni deni. Ukijigamba mwezi Agosti, mtani atakuja kukudai mwezi Juni, tena mbele ya wakwe zako. Tarehe 6 Mei 2012 tuliifunga Yanga mabao matano kwa sifuri, na kwa miaka kumi na moja tukawa tunawapungia wenzetu mkono wenye vidole vitano vilivyotanuliwa vizuri. Baada ya Novemba 2023 mkono ule ule ukaanza kutupungia sisi. Na mtani huyo huyo, ukifiwa, hutangulia kufika na kushika mwenge wa shughuli. Tusingependa utani huu ugeuzwe kuwa matusi, kama wafanyavyo wachache siku hizi, maana tusi halihitaji akili.

Lakini lipo jambo zito kuliko utani, nalo ni watoto. Kwetu ushabiki hurithishwa kama jina la ukoo, mtoto haulizwi. Hata hivyo mtoto ana macho. Mjukuu wetu mmoja, aliyekuwa na miaka minane mwaka huo, alituuliza kwa upole, "Babu, kwani Simba imewahi kuwa bingwa?" Hatukucheka. Tukamsimulia habari za mwaka 2003, jinsi Simba ilivyowatoa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti, huko huko Cairo. Alisikiliza kwa adabu, kama asikilizavyo hadithi za sungura na fisi. Rafiki zake walikuwa na ubingwa waliouona kwa macho yao. Yeye alikuwa na wa kusimuliwa. Basi tumwahidi nini? Tukimwahidi ubingwa na timu ikashindwa, atatuona waongo. Tusipomwahidi lolote, atakwenda kwa wenye la kumwahidi.

Tarehe 3 Agosti 2024, siku ya Simba, tulimpeleka Uwanja wa Benjamin Mkapa. Wageni walikuwa APR ya Rwanda. Watu walifurika, na msemo wa msimu, "Ubaya Ubwela," ukarindima kila pembe. Kwa masikio ya mtunga mashairi msemo huo una mlio mzuri lakini una tambo nyingi. Sisi wa mwaka 1993 tuliuitikia kwa sauti ya chini kidogo. Siku tano baadaye, katika Ngao ya Jamii, Yanga wakatufunga bao moja. Mtoto akauliza, "Bado tunajenga?" Tukamjibu, bado. Tukaongeza kwamba moja si tano, naye akakubali kuwa hesabu hiyo ni sahihi.

Msimu ukaenda. Ahoua, mtu wa Stella, alifunga mabao 16 na kuwa mfungaji bora wa ligi. Timu ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikafungwa mawili kule Berkane, Morocco, kisha tarehe 25 Mei 2025 ikatoka sare ya bao moja katika Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Tarehe 25 Juni Yanga wakatushinda mabao mawili, wakaondoka na ubingwa wao wa nne mfululizo.

Julai, majina mapya yalipoanza kutajwa magazetini, mjukuu wetu alikuwa barazani na rafiki yake mwenye jezi ya kijani na njano. Rafiki akamwuliza, safari hii je, mtachukua? Mtoto alikuwa akifunga kamba za viatu. Alimaliza kwanza kiatu cha pili, ndipo akajibu, "Wakizoeana."