Kona ya nyasi iliyomwangusha mama

Msomaji, kama una ua wenye nyasi na gari linaloingia ndani ya lango, hebu toka nje sasa hivi ukatazame mahali nyasi zinapokutana na njia ya gari. Huenda ukakuta ukanda mtupu, udongo mkavu ulioshikana kama sakafu, na pengine kishimo ambacho kila mtu wa nyumbani amekwisha kukizoea. Usikidharau. Kishimo kama hicho kilimvunja mama yangu mkono.

Mama anaishi Buruburu, katika nyumba aliyoinunua marehemu baba mwaka wa 1982. Mbele yake pana kiua cha nyasi za Kikuyu, zile zilizotoka huku kwetu nyanda za juu zikasafirishwa hadi Australia na Afrika Kusini. Baba hakuwahi kuwa na gari, na nyasi zake zilistawi kwa miaka mingi bila bughudha. Mambo yaliharibika mwaka wa 2017 nilipopata Toyota yangu kuukuu. Nilitia kabro kutoka langoni hadi mlangoni, upana wa gari moja tu, nikawa naingia kwa madaha kila Jumapili nikija kula chakula cha mchana.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba gurudumu la nyuma halifuati nyayo za lile la mbele. Ukikata kona kuingia katika lango jembamba, la nyuma hupita ndani zaidi, na hapo ndipo linapopanda nyasi. Udongo wa Buruburu ni ule mweusi, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Ulishindiliwa hata mizizi ikakosa hewa na maji, nyasi zikafa kwa upana wa karibu nusu mita. Kisha ikaja mvua ya Aprili 2024, ile iliyofurika mitaa mingi ya Nairobi, ikazoa udongo na kuacha ngazi kati ya kabro na ua. Jioni moja mama alikwenda kufunga lango, mguu ukakosa pa kukanyaga. Alikaa na plasta mkononi wiki sita.

Nilikuwa nimemwangusha mzazi wangu kwa gari bila hata kumgonga! Kwa aibu hiyo nikakimbilia mjini kununua nyasi bandia, hizi za plastiki zinazouzwa kwa mita mraba kama zulia. Muuzaji alinionyesha aina nyingi, nami nikachagua zile ndefu na laini kwa kuwa zilifanana mno na za kweli. Nikazitandika juu ya udongo uleule, nikapigilia misumari minane, nikapiga picha.

Nyasi za aina hii zilipata umaarufu mwaka wa 1966 katika uwanja wa Astrodome, mjini Houston, Marekani. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka wa 1965 ukiwa na nyasi halisi chini ya paa linalopitisha mwanga. Wachezaji wakalalamika kwamba mng'aro unawazuia kuuona mpira, paa likapakwa rangi, nyasi zikakosa jua zikafa. Ndipo ikatandikwa plastiki, ambayo haihitaji jua. Laiti ningekikumbuka kisa hicho dukani! Kwa mama nyasi hazikufa kwa kukosa jua. Ziliuawa na gurudumu, na gurudumu lilikuwa bado lipo.

Haukupita mwezi, nyasi zangu ndefu zilikuwa zimelala chali. Udongo ulibonyea chini yake, kona ikang'oka na kujikunja kama sikio la mbwa, na nyasi za Kikuyu, ambazo hazijui kushindwa, zikaanza kuliinua zulia kutoka chini. Mama alinaswa kandambili hapo akayumba, akashika ukuta kwa mkono uleule uliokuwa umevunjika.

"Mwanangu," aliniambia kwa upole uliouma kuliko matusi, "mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Hii umeninunulia."

Nikamtafuta fundi wa kutandaza kabro. Yeye hakuzitazama hata hizo nyasi. Alilala kifudifudi akatazama udongo, kisha akauliza gari huingia kwa upande gani. Tukachimba sentimita 15, tukatoa udongo mweusi pamoja na kila mzizi tuliouona. Tukajaza kokoto, juu yake vumbi la mawe, tukamwagia maji na kushindilia hadi mikono ikafanya malengelenge (yangu, si yake). Upande wa ndani alijenga ukingo mwembamba wa saruji kuzizuia nyasi halisi zisirudi, akiacha vitundu vya maji kupitia. Safari hii tulitumia nyasi bandia fupi zilizosongamana, ambazo hazilali upesi zikikanyagwa, tukazibandika kwa gundi pembeni, tukapiga misumari kila sentimita 15, kisha tukafagilia mchanga katikati ya nyuzi ili zisimame. Muhimu zaidi, zililingana na kabro. Ukifumba macho ukatembea hapo, mguu hauhisi mpaka.

Sitakuficha kasoro zake. Mwezi wa Januari jua likiwaka, ukanda ule huchoma unyayo, na paka wa mama aliyependa kulala hapo amehamia kwingine. Vumbi hukaa juu, hivyo sharti uoshwe. Tena ni plastiki, inayopukutika polepole ikaingia udongoni. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti 2017, nami nimeileta kwa mita! Ndiyo sababu nilikataa fundi aliposema tumalizie ua wote. Kipande kinachokanyagwa na gurudumu kinatosha, upana wa nusu mita na urefu wa mita tatu. Zilizobaki ni za baba.

Na usizungushe usukani gari likiwa limesimama juu yake, kwani ndivyo unavyozing'oa. Hilo sikuambiwa na fundi. Mama ndiye aliyeligundua, na sasa kila Jumapili husimama langoni akiniongoza kwa fimbo kama askari wa trafiki.

"Nyoosha! Nyoosha kwanza!" hupaza sauti, majirani wakichungulia. "Haya, sasa kata."