Kununua Tuba ya Shule

Bendi ya shule ipitapo katika Barabara Kuu ya Jinja tarehe 9 Oktoba, siku ya kukumbuka Uhuru wa mwaka 1962, macho ya watu huwafuata wapiga tarumbeta na yule atanguliaye na fimbo. Mpiga tuba hutazamwa na wachache. Lakini siku asipokuwapo kila mtu husikia kuwa muziki umepungukiwa, ijapokuwa si wengi wawezao kusema umepungukiwa na nini. Huko Mbale hasa, ambako masikio yamelelewa na ngoma za kadodi, wimbo usio na sauti nene chini yake haumdanganyi mtu.

Tuba, basi, si pambo. Nayo ni miongoni mwa ala zilizo ghali mno katika bendi, na shule itegemeayo fedha za wazazi hununua moja tu. Ikiharibika, bendi yaweza kukaa bila besi miaka mingi. Kwa sababu hiyo swali la kwanza dukani lisiwe bei, bali ni nani atakayeitengeneza.

Wanunuzi wengi huvutwa na ukubwa. Tuba ya B-flati ina bomba la urefu wa karibu meta 5 na nusu. Ile ya E-flati ni karibu meta 4. Mtoto wa miaka 13 akibebeshwa ile kubwa katika gwaride refu, ataitua popote apate kupumua, na hapo ndipo bomba la chini hubonyea. E-flati yenye vali tatu za pistoni yatosha kabisa kwa gwaride, kanisani na arusini. Vali ya nne huwafaa waliokwisha komaa, ila huongeza bei na uzito.

Wengine huvutwa na mng'aro. Ziko tuba mpya za bei nafuu zing'aazo kama sinia la arusi, kumbe shaba yake ni nyembamba na vipuri vyake haviingiliani na vya kiwanda kingine. Tuba kuukuu ya kiwanda chenye sifa, hata ikiwa imechujuka, mara nyingi huishinda. Mabonyeo yasimtishe mnunuzi, maana hunyooshwa. La kutisha ni vali iliyolika. Na achomoe kibomba cha vali moja pasipo kuibonyeza, angoje kidogo, kisha aibonyeze: ikilia kama kizibo king'okapo chupani, vali ingali nzima. Ikinyamaza, pumzi inavuja. Atazame pia bomba lipokealo pumzi. Madoa ya rangi ya waridi ni dalili kwamba zinki imeliwa ndani ya shaba. Bomba hilo litatoboka, na dawa yake ni kulibadili.

Jinja iliwahi kuyeyusha shaba ya Kilembe, kuanzia mwaka 1956, na mafundi wa kulehemu hawajakosekana mjini humo. Fundi wa rejeta mwenye mkono mwepesi aweza kuziba kiungo kilichoachana. Asipewe vali, hata akiapa! Akiisha kuisugua pistoni kwa msasa, pumzi itapita pembeni daima.

Tuba za plastiki nazo zipo siku hizi. Ni nyepesi, hazibonyei upesi, na kwa wanaoanza katika shule za milimani juu ya Mbale si za kudharauliwa. Ila zikipasuka, lehemu haifai kitu.

Bei ya sanduku gumu ihesabiwe pamoja na ya tuba yenyewe. Toka Jinja hadi Mbale kwa njia ya Iganga na Tirinyi ni karibu kilomita 150, na tuba iliyofungwa kwa kamba tupu juu ya gari la abiria, mdomo wake mpana ukitazama mbele, hufika imekunjika. Ifungwe mdomo ukielekea chini, juu ya magunia. Na kipulizo kikikwama, asiitwe mtu mwenye koleo. Kipakwe mafuta penye kiungo, kiachwe usiku kucha, na asubuhi kizungushwe polepole kwa mkono.