Pikapu ya kazi, pikapu ya nyumbani

Kwa miezi mitatu sasa, nikishafunga kompyuta ya kazi jioni, naifungua tena kutafuta pikapu. Nina jedwali lenye magari 17 na safu 23, na mke wangu ashaanza kuwaambia mashoga zake kwamba ana mke mwenza mwenye magurudumu manne. Nacheka naye, lakini pesa zenyewe si za kuchekea: ni akiba yetu sote wawili ya miaka minne, na juu yake mkopo wa sacco tutakaoulipa kwa miaka mitatu. Tukinunua gari bovu, hatutakuwa na uwezo wa kununua jingine.

Kwa wasionijua, naandika programu zinazoendesha vioski vya maji. Mtu analipa kwa simu, mfereji unafunguka, dumu linajaa, mfereji unafunga. Nilipokuwa chuoni nikisomea sayansi ya kompyuta nilidhani kazi yangu itakuwa ya kukaa kwenye kiti. Kumbe programu haipandi juu ya mnara wa tangi kubadilisha kifaa kilichopigwa na radi! Kwa hivyo natoka Mombasa mara mbili au tatu kwa mwezi, kwenda ndani ndani huko Kinango, au Samburu, au njia ya kuelekea Kasigau, na kila mara nakodi pikapu ya mtu pamoja na dereva wake. Upande wa nyumbani nina binti wa miaka miwili, na mama yangu anayekaa Wundanyi. Goti lake linamsumbua na kila mwezi lazima ateremke kliniki Voi. Gari moja lazima libebe maisha haya yote mawili.

Swali la kwanza: ni lazima iwe 4x4? Marafiki zangu wote wanasema ndiyo kabla sijamaliza kuuliza, na kila mmoja ana hadithi ya tope. Mimi nikaona bora niulize data. Simu yangu huhifadhi mahali nilipopita, na dereva aliyekuwa akitubeba ni mtu wa kuandika kila kitu kwenye daftari. Nikakaa usiku mmoja nikaoanisha hivyo viwili. Katika safari 61 za kazi, ile gia ya kuvuta kwa magurudumu yote iliingizwa mara 9 tu.

Lililonishangaza zaidi ni lini. Nilitarajia mvua za Aprili na Mei ziwe mbele. La! Mvua ikinyesha watu wanakinga maji ya paa, vidimbwi vinajaa, kioski kikiharibika hakuna anayepiga simu kwa hasira. Simu zinakuja Januari, Februari na Septemba, wakati pampu inafanya kazi mchana kutwa na foleni ya madumu ni ndefu. Mara 6 kati ya zile 9 zilikuwa kwenye mchanga mkavu wa mito isiyo na maji. Na mchanga, kama mjuavyo, dawa yake ya kwanza ni kupunguza upepo wa matairi ili yatanuke, hata kabla ya kugusa gia. (Beba pampu ya kurudisha upepo, tafadhali.)

Kwa hivyo hesabu tupu inasema nunua pikapu ya kawaida, ambayo ni rahisi kwa bei na iko chini kidogo, mama apande vizuri, halafu hizo mara 9 ukodi. Niliikubali hoja hiyo kwa wiki nzima. Kilichonirudisha nyuma ni kwamba hizo mara 9 hazilingani na zile 52. Katika safari nyingi za kawaida nakwenda kubadilisha kadi ya simu au kusafisha paneli. Zile 9, karibu zote, kijiji kizima kilikuwa hakina maji na kisima cha pili kiko mbali. Wastani unaficha mambo. 4x4 ikabaki kwenye orodha, lakini sasa najua inalipiwa kwa sababu gani.

Hapa niseme kitu kuhusu hiyo 4x4 yenyewe, maana wengi wanaiendesha bila kuelewa. Pikapu nyingi zinazouzwa kwetu, Hilux na D-Max zikiwemo, kwa kawaida huvuta kwa magurudumu ya nyuma. Ukiingiza H4, ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja zizunguke kwa kasi moja, kwa kuwa hakuna difu ya katikati. Kwenye mchanga au tope ni sawa, tairi likitaka kuteleza linateleza. Lakini kwenye lami kavu ukikata kona, magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma, na tofauti hiyo haina pa kwenda. Inajikunja ndani ya shafti na gia mpaka kitu kiteleze au kivunjike. Barabara ya kutoka Mwatate kupanda Wundanyi ni lami na kona juu ya kona, kwa hivyo mtu anayesema anahitaji 4x4 kwa ajili ya mlima ule hajui anachokisema. Mitsubishi L200 zenye mfumo wa Super Select ndizo zina difu ya katikati, na hizo waweza kuzitumia hata kwenye lami iliyolowa. L4 ni jambo jingine: inazidisha nguvu na kupunguza mwendo zaidi ya mara mbili, na faida yake kubwa kwangu ni kuteremka polepole kwenye makorongo nikiwa na mzigo, bila kuchoma breki.

Mzigo! Hapo ndipo watu wanajidanganya. "Inabeba tani moja," muuzaji anakwambia, na wewe unaona tani moja ya saruji. Fungua mlango wa dereva usome kibandiko au kibati cha uzito. Katika gari moja nililokagua, kikomo ni kilo 3,000 na gari tupu ni kilo 2,010, yaani zinabaki 990. Sasa hesabu yangu ya safari nzito: watu watatu kilo 225. Betri nne za asidi, kilo 60 kila moja, 240. Paneli kumi za kilo 22, 220. Pampu, mabomba na nyaya 110. Vifaa vya kazi 45. Tairi la akiba la pili na maji ya kunywa 60. Kifuniko cha chuma cha kule nyuma, ambacho kila mtu husahau kukihesabu, 70. Jumla 970. Zimebaki kilo 20, dumu moja la maji. Na hapo mama hajapanda.

Springi zinazobeba mzigo huo nyuma ni vile vyuma bapa vilivyopangwa safu juu ya safu. Kwa betri nne gari linatulia kama limelala. Likiwa tupu linarukaruka, na anayerushwa ni aliyekaa kiti cha nyuma, yaani binti yangu na nyanya yake. Hakuna pikapu niliyoijaribu ambayo haikufanya hivyo, zilitofautiana kwa kiasi tu. Kinachosaidia ni kufuata upepo wa matairi ulioandikwa kwenye kibandiko, maana mara nyingi kuna namba mbili, ya gari tupu na ya gari lenye mzigo, na mafundi wa matairi hujaza ya mzigo siku zote.

Nije kwenye safu ambayo mke wangu aliiongeza mwenyewe kwenye jedwali, na sasa ndiyo inayofuta magari kuliko zote: tukigongwa, nini kitatokea kwa aliyekaa nyuma? Mimi nilikuwa na safu ya nguvu za injini, ya lita kwa kilomita, ya bei ya klachi. Yeye akaongeza hiyo moja, akaandika "muhimu" kando yake, akaenda kulala.

Nikasoma. Mwaka 2018 shirika la Global NCAP liligongesha Nissan NP300 Hardbody iliyokuwa ikiuzwa Afrika, likaipa nyota sifuri kwa usalama wa watu wazima. Mwaka 2021 likaenda mbali zaidi: likachukua Hardbody mpya na kuigonganisha uso kwa uso na Navara NP300 iliyotumika, ya mwaka 2015, iliyotengenezewa soko la Ulaya. Kwa vipimo vya yale masanamu, dereva wa gari jipya la Afrika huenda angekufa, na dereva wa gari kuukuu la Ulaya huenda angeshuka mwenyewe. Jina NP300 liko kwenye yote mawili. Na si Nissan peke yake. Euro NCAP walipoipima Hilux mwaka 2016, ile ya kawaida ilipata nyota 3, na ile iliyoongezewa vifaa vya usalama ikapata 5. Gari lile lile, nembo ile ile.

Kwa mwandishi wa programu hili si geni. Jina la toleo halikwambii ni sehemu zipi zimewekwa, lazima uangalie. Kwa hivyo siku hizi nikifika kwenye yadi siinami kwanza chini ya boneti. Natafuta herufi SRS kwenye usukani, dashibodi, pembeni mwa viti na kwenye nguzo za juu, nahesabu mifuko ya hewa. Nafungua mlango wa nyuma natafuta vyuma vya ISOFIX vya kufungia kiti cha mtoto. Naangalia mkanda wa katikati kama unapita begani au ni wa kiunoni tu. Wauzaji wananishangaa. Magari sita yalitoka kwenye orodha kwa njia hiyo, mawili kati yao yakiwa ya bei nzuri mno, na iliniuma.

Boneti inafuata, na hapo naingia na kidude cha ELM327, kinachochomekwa chini ya usukani na kuzungumza na simu kwa blututhi. Kila mtu anajua kinasoma hitilafu. Wengi hawajui kwamba magari mengi pia yatakwambia yametembea kilomita ngapi tangu hitilafu zifutwe. Katika yadi moja mjini, nikaonyeshwa pikapu safi, taa zote za onyo zimezima, kumbukumbu haina hitilafu hata moja. Nikauliza hiyo namba ya pili. Kilomita 6! Yaani kuna mtu aliyefuta kila kitu asubuhi ile ile kabla sijafika.

"Bosi, hiyo kompyuta yako inaongea sana," muuzaji akaniambia.

Nikamshukuru, nikaenda zangu.

Magari yaliyoletwa kutoka nje yana faida nyingine. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na ukipata namba yake ya zamani ya Uingereza waweza kuona bure mtandaoni historia ya ukaguzi wake wa kila mwaka, kilomita zikiwemo. La Japani lina cheti cha kusafirishia nje chenye kilomita pia, na Hilux ilirudi kuuzwa Japani mwaka 2017, kwa hivyo zipo. Ila dizeli za kisasa za Ulaya zina chujio la masizi kwenye ekzosi, ambalo hujisafisha kwa joto la safari ndefu. Dizeli yetu mwaka 2015 iliwekewa kikomo cha salfa cha sehemu 50 kwa milioni, Ulaya ni 10. Mtu wa safari fupi fupi za Tudor hadi Nyali apige hesabu hiyo vizuri kabla ya kushangilia bei.

Jambo la mwisho kwenye jedwali ni goti la mama. Nilimpeleka kuona gari moja, mrefu mimi sikuwahi kuona tatizo. Akasimama kando ya mlango akaangalia juu.

"Mwanangu, hili lapandwa kwa ngazi?"

Safu ya 23 ikazaliwa pale pale: kidato cha kukanyagia pembeni, na kishikio kwenye nguzo ya mlango wa nyuma, si wa mbele peke yake.

Yamebaki magari mawili. Siyataji, maana bado tunavutana bei na wenyewe nao husoma. Moja lina injini kubwa, gia za kujibadilisha zenyewe na viti vya ngozi, mifuko ya hewa mbele tu. Lingine ni la gia za mkono, viti vya kitambaa, injini ndogo, lina mikwaruzo ubavuni, ila lina mifuko ya hewa mpaka ya pembeni na mikanda mitatu kamili nyuma. Moyo wangu unalitaka la kwanza, sitaficha. Jedwali na mke wangu wanasema la pili.

Jumamosi tunalijaribu hilo la pili. Nitapakia betri nne kule nyuma na kufunga kiti cha mtoto. Tutapanda mpaka Wundanyi tumchukue mama, tuteremke naye hadi Voi, halafu tupitie njia ya vumbi kabla ya kurudi. Mwenye gari amekubali, ila amesema mafuta ni juu yangu.