Ujerumani Iko Upande wa Jinja

Mpwa wangu anasoma uhandisi wa elektroniki, mwaka wa tatu. Juzi aliikuta redio yangu ya zamani juu ya kabati, akaipangusa vumbi na kuuliza: "Mjomba, mbona hapa wameandika mita? Redio nayo inapima umbali?" Kijana huyu hukesha na milinganyo ya Maxwell. Kompyuta humchorea antena kwa rangi zote za upinde wa mvua. Hajui kwamba ile "31 m" iliyo kwenye uso wa redio ni urefu wa wimbi lenyewe.

Sikumlaumu sana. Niliudhika, lakini sikumlaumu.

Mimi nilizaliwa Walukuba, Jinja, kwenye nyumba za wafanyakazi, ambako Mgisu, Mluo na Msoga walielewana kwa Kiswahili cha kiwandani. Redio ya Jinja ilikuwa na mlio wake wa pekee. Nyaya kubwa za umeme zilitoka bwawa la Owen Falls zikielekea Tororo, na manyunyu yakianza, vihami vikilowa, mawimbi ya kati yalijaa mkwaruzo hadi taarifa ya habari ikazama. Baba aliilaani redio. Kosa halikuwa la redio.

Kisha nikapelekwa Mbale kusoma, nyumbani kwa mjomba. Nadhani ulikuwa mwaka 1973. Dada yangu anasema 1974, na ameniletea picha ya kuthibitisha, ila nyuma ya picha hakuna tarehe. Yaishe. Ninachojua ni kwamba maduka ya vipuri yalikuwa tayari yamefungwa na Wahindi wenyewe wamefukuzwa na Amin, na redio ikiharibika kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumwendea.

Tulimwita Fundi, basi. Kibanda chake kilikuwa nyuma kidogo ya mnara wa saa, na ulikijua kwa pua kabla ya macho: rosini inayoungua kwenye ncha ya chuma cha kulehemu, mafuta ya taa ya kusafishia vitufe vya sauti, na asidi ya mawe ya redio yaliyovuja. Mawe yenyewe aliyaanika juu ya bati, yapate jua na kuishi siku mbili zaidi. Ufundi aliupata Kisumu, kwa Mhindi mmoja. Shule aliiacha mapema. Vipuri alivitoa kwenye redio zilizokufa, akavipanga katika makopo ya maziwa ya unga, na hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa.

Kwake ndiko nilikojifunza antena. "Mita 31," alisema, "nusu yake ngapi? Punguza kidogo, kata waya." Alipima kwa hatua zake, 15 zisizotimia, kisha akafunga shingo za chupa za soda kwenye ncha mbili ziwe vihami. Mchana alituambia tutafute mita 19, usiku turudi 49. Sababu nilikuja kuielezwa Makerere: jua likiwaka, tabaka la chini la ionosfera humeza mawimbi marefu zaidi, likizama, tabaka hilo hufifia, nayo mawimbi hupita yakarudishwa chini kutoka juu zaidi. Fundi hakuwa na habari ya ionosfera. Alikuwa na masikio.

Waya mrefu juu ya paa, miaka ile, uliweza kumletea mtu maswali kutoka kwa watu wasiopaswa kuulizwa chochote. Kwa hiyo Fundi alitandika nyaya mbili uani, zikakatana kama msalaba, na mkewe akaanika nguo juu yake. Nguo mbichi zikizidi, sauti ilipungua, na ugomvi ukaanza. Ndani, ukutani, aliweka swichi ya taa. Juu inasikika London, chini Ujerumani. Waya husikia zaidi kwa ubavu kuliko kwa ncha. Ule wa London uliupa ubavu upande wa Soroti, na hapo ramani inamkubali. Lakini ule wa Ujerumani uliupa ubavu upande wa Jinja! Tulimcheka. Mwalimu wetu wa jiografia alicheka zaidi. Fundi akasema tu, "Nendeni mkasikilize."

Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba Deutsche Welle, redio ya Ujerumani, walikuwa na kituo cha kurushia matangazo Kigali, kile kilichofungwa 2015. Chukua ramani, weka rula Mbale na Kigali: inapita Jinja.

Makerere nilikutana na Hertz, na Yagi na Uda, Wajapani wa antena ile yenye vijiti iliyokuja kujaa kwenye mapaa ya Uganda. Hesabu zilinipendeza kwa sababu zilikuwa zikinieleza kitu nilichokwisha kukisikia. Wanafunzi wa leo wanaanzia kwenye hesabu na wengi wanaishia hapo hapo. Kipo chuo, nisikitaje, ambacho kifaa chake cha kuchunguza masafa kinakaa kabatini, na ufunguo uko safarini.

Mengine yalikwenda mbio. Mwisho wa 1993 zikaja FM za Kampala, kisha kila mji ukapata zake. Minara ikasimama kwenye ukingo wa mlima Wanale, juu ya vichwa vya watu wa Mbale, lakini nyuma ya ukingo ule, mabondeni, wimbi la mita tatu halipindi mlima. Masafa mafupi yalikuwa yakiwafikia kutoka angani, ila nani anayasikiliza? Simu za mkononi. Madishi, ambayo London husimama wima na kwetu hulalia mgongo, kwa kuwa setilaiti imesimama karibu utosini. Mvua ya alasiri ikinyesha, wimbi la sentimita mbili na nusu linamezwa na picha inaganda. Televisheni ya dijitali. Kibanda cha Fundi sasa kinauza vifuniko vya simu.

Na sasa, baada ya mawimbi yote hayo, mitaa ya Mbale imejaa bizindaalo: spika juu ya nguzo, waya, na mtu anayelipwa kutangaza msiba, mbuzi aliyepotea na mkutano wa mtaa. Hakuna wimbi la redio hapo hata moja. Watu wanaipenda, inawafaa. Lakini ya mtaani kwetu wameifunga vibaya, inapiga moja kwa moja ukuta wa ghala, na nyumba zilizo nyuma yake hazisikii nani amefariki.