Lee Alikuwa Anaelewa Kila Kitu

Rush Hour ya 1998 imenizidi umri. Utotoni niliiona kibanda umiza, mkalimani akiongea juu ya sauti zao, tukafurahia mateke ya Jackie Chan basi. Juzi nimeirudia hosteli, bila mkalimani. Kumbe utamu uko uwanja wa ndege: Carter, yaani Chris Tucker, anampigia Lee kelele akidhani hajui Kiingereza. Lee kimya, anatabasamu tu. Sikucheka sana. Kwenye mazoezi ya kufundisha, Kidato cha Kwanza walinyamaza hivyohivyo, ofisini wakaitwa vilaza. Waulize kwa Kiswahili uone majibu yanavyomwagika!

Utani wa Carter kuhusu Wachina umechacha, sikatai. Ila msizime kabla ya vile vipande vya makosa mwishoni: Tucker anashindwa maneno machache ya Kichina, zamu ya Jackie Chan kumcheka.