Mali Bila Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii naifundisha kila mwaka katika kidato cha pili, na kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu maswali mawili: daftari hilo analishika nani, na nani anaruhusiwa kulisoma? Mweka hazina wa kikundi cha akiba anaweza kuwa na daftari safi, mistari imenyooka, jumla imepigiwa mstari kwa wino mwekundu, na bado fedha zikayeyuka kwa kuwa hapana mwanachama aliyewahi kulifunua. Mali huweza kupotea hata daftari likiwepo.

Leo, ndugu msomaji, nataka tulitazame daftari moja la zama zetu, yaani lile la sarafu ya Bitcoin. Sikusudii kumshawishi mtu anunue sarafu hiyo. Mimi mwenyewe sina, na Benki Kuu ya Uganda imekwisha kutahadharisha kuwa sarafu za aina hii si fedha halali nchini mwetu. Kinachonivuta ni daftari lenyewe.

Lilifunguliwa tarehe 3 Januari 2009. Kila baada ya dakika kumi hivi huongezwa ukurasa mmoja, uitwao kitalu, wenye orodha ya miamala mipya pamoja na alama ya kihesabu ya kitalu kilichotangulia. Ukibadilisha herufi moja katika ukurasa wa zamani, alama zote zinazofuata hazilingani tena. Ndiyo maana huitwa mnyororo. Nakala kamili ya daftari hili imo katika maelfu ya kompyuta duniani. Kila kompyuta ya namna hiyo huitwa nodi, na kazi yake ni kukagua kila muamala kwa kanuni zilezile: je, anayetoa anacho cha kutoa? Je, saini yake ni sahihi?

Nodi, hata hivyo, haisemi lugha ya watu. Ili mwanadamu asome, huhitaji programu nyingine, kichunguzi, ambayo huyageuza maandishi ya mashine kuwa kurasa za kupekuliwa. Watu wengi hutumia kichunguzi kilicho katika tovuti ya mtu mwingine. Katika klabu yetu ya elimu ya uraia, msichana mmoja aliniuliza: “Mwalimu, daftari la wazi ni wazi kwa nani, ikiwa sote twalisomewa na mtu mmoja?” Swali hilo lilinizidi nguvu. Anayetusomea anaweza kukosea au kudanganya, na pia anajua ni anwani ipi tuliyoiulizia, saa ngapi, na kutoka wapi. Nikaamua kuweka nodi na kichunguzi nyumbani kwangu.

Nilitumia kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, yenye kumbukumbu ya GB 8. Kilichogharimu zaidi ni diski ya SSD ya TB 2, kwa maana daftari lenyewe limepita GB 600. Kulipakua kwa vifurushi vya simu kungemeza mshahara wangu. Mwanafunzi wangu wa zamani anayeishi Kampala, mwenye intaneti isiyo na kikomo, alilipakua kwake, akaitia diski katika sanduku, akanitumia kwa basi.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulitarajia. Sikuhitaji kumwamini kijana yule, ingawa namwamini. Programu ya Bitcoin Core ina amri ya kuyachukua makaratasi ghafi, yaani vitalu vyenyewe, na kuhesabu upya kila kitu tangu ukurasa wa kwanza. Niliitoa amri hiyo, nikaongeza katika faili la usanidi mstari usemao assumevalid=0, ili hata saini za miaka ya nyuma, ambazo kwa kawaida programu huziruka kuokoa muda, zikaguliwe moja baada ya moja. Kazi hiyo ilichukua siku nane, mchana na usiku. Nilikuwa nimeiunganisha kompyuta na betri, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuandika, daftari laweza kuharibika na kazi ikaanza upya. Hata kama diski ile ingeletwa na mwizi, ukurasa wa uongo usingepenya.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Mstari txindex=1 huifanya nodi itengeneze fahirisi ya miamala yote; bila huo, kichunguzi hakiwezi kuutafuta muamala wowote wa zamani. Ukitaka hilo, huwezi kuchagua ile njia ya kubana nafasi kwa kufuta kurasa za kale. Kwa kuwa nodi haipangi miamala kwa anwani, niliweka pia programu ya electrs inayofanya kazi hiyo. Juu yake nikaweka BTC RPC Explorer, nikakifungua kivinjari katika 127.0.0.1 kwenye mlango wa 3002, na daftari likafunuka. Programu hizi zote ni za bure na msimbo wake uko wazi. Sikukifungulia kichunguzi mlango wa kutoka nje. Hukisoma mimi na wanaonitembelea.

Tulianza na kitalu nambari 74,638, cha tarehe 15 Agosti 2010. Siku hiyo mtu fulani alitumia kasoro katika programu akajiandikia sarafu zaidi ya bilioni 184, ilhali kanuni yasema jumla haitapita milioni 21. Hapakuwa na gavana wa benki wa kuufuta muamala huo. Programu iliyorekebishwa ilitolewa saa chache baadaye, wenye nodi wakaiweka, mashine zao zikaukataa ukurasa ule, na mnyororo halali ukaupita ule wenye kasoro. Leo nikiitafuta nambari hiyo, naona kitalu cha kawaida kabisa. Nodi yangu yaweza pia kuzijumlisha sarafu zote zilizopo: ni zaidi ya milioni 19, chini ya milioni 21. Jumla hiyo sikuambiwa na mtu; nimeihesabu.

Manufaa ya kweli yalikuja kwa mlango nisioutazamia. Mzazi mmoja, mkulima wa kahawa, alifika kwangu na simu mkononi. Alikuwa ameuza fahali wake na kumkabidhi fedha mtu aliyemwahidi faida ya kila mwezi. Mtu huyo alimtumia kiungo cha ukurasa wenye mstari wa herufi na tarakimu 64, na chini yake neno la kijani: imethibitishwa. Sasa alitakiwa kuongeza, na ijumaa ileile mnunuzi wa kipande cha shamba lake angeleta fedha. “Mwalimu,” alisema, “wewe husoma vitu hivi. Nisomee.”

Tuliziandika zile alama 64 pole pole, yeye akitaja, mimi nikibonyeza. Muamala huo haukuwemo katika kitalu chochote, wala katika foleni ya inayosubiri. Anwani aliyoambiwa ni yake haikuwahi kupokea hata chembe. Alinyamaza, kisha akauliza: “Nani asemaye kweli, mzee mwenzangu wa simu hii au kompyuta yako?”

Nilimjibu kuwa asiiamini kompyuta yangu pia. Tulifungua vichunguzi vitatu vya watu wengine, wa nchi tofauti, na vyote vikajibu sawa na changu. Ukurasa wa kijani pekee ndio uliokuwa na muamala wake. Alimpigia mtu yule akamwomba nambari ya kitalu. Baada ya swali hilo, simu haikupokelewa tena. Shamba halikuuzwa. Fahali hakurudi.

Hadithi yake ina ndugu wakubwa. Kampuni ya OneCoin, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Ruja Ignatova, ilikusanya zaidi ya dola bilioni 4 katika nchi nyingi, na Uganda ikiwemo. Haikuwa na mnyororo wa wazi ambao mtu wa nje angeweza kuupakua na kuukagua. Bei ilikuwa tarakimu iliyoandikwa na wenye kampuni. Ignatova hajaonekana hadharani tangu Oktoba 2017, na mwenzake Karl Sebastian Greenwood alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mjini New York mwezi Septemba 2023. Swali moja la raia, “nakala ya daftari naipata wapi?”, lingetosha kuutikisa mlango wa kampuni ile.

Nisilipambe daftari kupita kiasi. Nodi huthibitisha kuwa sarafu ilitoka hapa ikaenda pale. Haijui aliyepokea ni mwaminifu au ni laghai, wala haimrudishii mtu kilichoibwa. Muamala wa kweli kabisa waweza kuwa wa kumpelekea mwizi.

Lakini somo lake linavuka mipaka ya kompyuta. Nchini mwetu, uchunguzi wa Reinikka na Svensson ulionyesha kuwa kati ya mwaka 1991 na 1995 shule za msingi zilipata kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku ambayo serikali kuu ilizitengea. Serikali ikaanza kuzichapisha fedha hizo magazetini na kuagiza zibandikwe katika mbao za matangazo za shule. Kufikia mwaka 2001, pamoja na mageuzi mengine, kiasi kinachofika kilikuwa kimepita asilimia 80. Mzazi aliweza kuisoma tarakimu na kumwendea mwalimu mkuu akiwa nayo mkononi.

Ibara ya 41 ya Katiba yetu inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005 inaeleza namna ya kuziomba. Si lazima ununue diski ya TB 2. Katika mkutano ujao wa kikundi chako, omba daftari, lifungue ukurasa wa kwanza, na ujumlishe mwenyewe. Mweka hazina mwaminifu atakushukuru.